Mamba wa Bwawa la Kambini

"Unaitwa nani?" Gershom alimuuliza mkewe.

Dorcas alimtazama. Debe la maji lilikuwa kichwani mwake, limejaa hadi mdomoni, na matone yalikuwa yakimteremka shingoni na kuingia ndani ya gauni. Walikuwa wameoana miaka ishirini na miwili, wakazaa watoto watatu, wakamwoza mmoja Rabai. Leo mwanamume huyo huyo amesimama mbele yake kavaa tarabushi nyekundu na kaptura ya kaki ambayo Dorcas mwenyewe aliipiga pasi asubuhi ile, daftari mkononi, anamuuliza jina kama karani wa bomani.

"Muulize mume wangu," akajibu. "Yeye ndiye alijuaye."

"Mama Jumwa, usinitie mashakani," Gershom akanong'ona, midomo haichezi. Kisha akapaza sauti ili isikike barazani. "Sema jina lako!"

Barazani alikuwa amekaa Bwana Kiko, mzungu mnene aliyestaafu kazi ya injini za meli, ambaye kiko chake hakikumtoka kinywani hata akiwa anaogelea. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa klabu. Bwawa lenyewe lilijengwa na wanajeshi wakati wa vita. Walikizuia kijito kwa ukuta wa mawe na saruji, wakautia mlango wa chuma, ili kambi yao ipate maji. Vita vikaisha, kambi ikavunjwa, wanajeshi wakaenda zao, na bwawa likabaki nyuma ya Frere Town, pana, limejaa kambare na bata wa mwitu. Wazungu wa Nyali wakaona ni hasara kuliacha hivi hivi. Wakaleta vimashua vya tanga, wakajenga baraza la makuti, wakamwaga na samaki wengine wa kuvuliwa kwa mshipi, kisha wakachomeka kibao kilichosema wenyeji wasichote maji. Na kwa kuwa wenyeji wengi hawakujua kusoma, wakamwajiri Gershom awe anawasomea.

"Andika Mwanamke Mwenye Kiu," Dorcas akasema.

Gershom akaandika kitu. Kisha, kwa kuwa Bwana Kiko alikuwa bado anatazama, akafanya alivyoagizwa. Akaliteremsha debe kutoka kichwani mwa mkewe, taratibu, kama anayemsaidia mgeni, akalimwaga. Mchanga uliyanywa maji kwa sauti, kama mzee anayefyonza chai ya moto. Wanawake wanne waliokuwa njiani na madebe matupu walisimama wakaona yote, wakageuka wakarudi. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi imepamba moto, na kisima cha kanisani kilikuwa kinatoa tope tu.

*

Jioni Gershom aliporudi nyumbani alikuta mtungi umelazwa kifudifudi. Dorcas alimkaribisha vizuri, vizuri mno. Alimtandikia mkeka, akamwekea sahani iliyofunikwa kawa, akaketi kando, mikono mapajani, kama bibi harusi.

Gershom akafunua. Sahanini mlikuwa na unga mkavu wa mahindi, umerundikwa na kulainishwa juu kwa mwiko ukawa na umbo la sima. Pembeni palikuwa na kitita cha mchicha mbichi, mizizi na udongo wake.

"Nini hiki?"

"Sima."

"Huu ni unga."

"Ni sima iliyokatazwa maji. Kula, baba. Ukiona kavu, nenda kamwombe Bwana Kiko akutemee mate."

Gershom alikuwa na njaa, na pia alikuwa mbishi. Akachota unga kwa vidole vitatu, akautia kinywani. Papo hapo ukampalia, akakohoa, moshi mweupe ukamtoka puani. Dorcas aliuma midomo ili asicheke.

"Ulitaka nifanye nini?" Gershom akasema alipopata pumzi. "Nimwambie huyu ni mke wangu? Angeniambia niandike na jina langu chini ya lako. Kesho yake tarabushi ingekuwa kwenye kichwa cha mwingine, nawe bado huna maji."

Maneno yalikuwa ya kweli, na hilo lilimkasirisha Dorcas kuliko debe lenyewe. Akainuka, akamletea papai.

*

Kesho yake alishuka bondeni kwa Mwanasaumu, mjane wa watu wa Kisauni wa asili na msiri wake wa miaka mingi. Chini kidogo ya ukuta wa bwawa Mwanasaumu alikuwa na majaruba manne ya mpunga aliyorithi kwa babu yake. Zamani kijito kilipita hapo chenyewe, kikayajaza. Sasa mlango wa chuma ulikuwa umefungwa tangu Krismasi ili vimashua visikwame, na ardhi ya majaruba ilikuwa imepasuka mapande mapande, mpunga umegeuka rangi ya makuti.

"Nilikwenda kumwomba Bwana Kiko," Mwanasaumu akasema. "Nikamwamkia kwa adabu zote. Nikamwambia, bwana, fungua mlango saa mbili tu kwa siku. Wajua alinambia nini, nduu yangu? 'Samaki nataka maji mingi.' Samaki! Wallahi nilisimama pale nikatamani Mola angeniumba kambare."

Walicheka mpaka wakashika viuno. Kutoka juu ya ukuta zilisikika sauti za watu wakijitupa majini, na mwanamke wa kizungu akipiga ukelele wa furaha.

"Wazungu huogopa nini?" Dorcas akauliza.

"Jua. Na mbu."

"Mbu hamfukuzi mtu." Dorcas alikata suke moja kavu, akalipukuchua kiganjani. Halikuwa na kitu ndani. "Mwanasaumu, umepata kumwona mamba?"

"Mie? Sijapata kumtia matoni. Mamba si ni wa mto Sabaki?"

"Basi mmoja amehama."

Mwanasaumu alimtazama usoni, akaufunga mtandio wake upya. "Dorcas," akasema, "mimi sijasikia kitu. Na nikiulizwa, huyo mamba nimemwona na watoto wake."

*

Mpishi wa klabu, Rama, alikuwa mtu mwema mwenye ila moja tu. Siri ikimwingia sikioni ilikuwa imeshamtoka kinywani. Kila Jumanne Dorcas alimpelekea mayai kwenye mlango wa nyuma wa jiko. Jumanne hiyo alifika na kikapu kinachotetemeka, mayai yanagongana.

"Una homa, Mama Jumwa?"

"Heri ningekuwa na homa, Rama." Akaketi juu ya gunia la makaa. "Nisikwambie. Nikikwambia utasema."

"Mimi? Mimi ni kaburi."

"Nimemwona mamba. Pale penye matete, ameinua kichwa, ametazama huku huku jikoni kwako. Futi tisa hapungui. Usimtaje mtu jina langu."

Rama akakiacha kitunguu alichokuwa akikimenya. Dorcas alikuwa hajafika hata kwenye mkorosho wa njia panda alipomsikia nyuma yake akimwita Memsahab.

Memsahab huyo alikuwa mke wa Bwana Kiko. Watu walimwita Bibi Ndege, kwa sababu hakuja bwawani kuogelea wala kunywa pombe. Alikuja na darubini na kitabu, akakaa chini ya mwavuli akiandika kila ndege aliyetua. Jioni ile alihesabu bata wake akakuta amepungua mmoja. Kufikia Alhamisi ilisemekana bata amemezwa mzima mzima mbele ya watu. Ijumaa akaja Kitsao, mkulima wa jirani, amevaa koti lake la kanisani, kudai fidia ya mbuzi wawili walioliwa wakinywa maji. Kila mtu alijua kwamba Kitsao hajafuga hata kuku tangu mwaka wa nzige. Bwana Kiko aliwaandika mbuzi wale kitabuni, akamuuliza na rangi zao.

Jumamosi vimashua vilikaa vimefungwa na hakuna aliyetia hata kidole majini. Lakini wageni walipozidi kuulizana, Bwana Kiko aliona haya kuwa mkubwa wa klabu asiyemjua mamba wa klabu yake.

"Mimi nakwisha ona," akatangaza. "Jicho nyekundu. Kubwa sana."

Kisha akaagiza Gershom aitwe. Dorcas, aliyekuwa jikoni amefuata kikapu chake, akajibanza nyuma ya mlango.

"Wewe askari. Wewe kila siku iko hapa. Wewe naona mamba?"

Dorcas alijua mumewe hujilaza mkoroshoni kila baada ya chakula cha mchana. Angesema hapana, wangemuuliza analinda nini. Gershom alisimama wima, akaitengeneza tarabushi.

"Nimemwona, bwana. Mara tatu. Futi kumi na moja."

Kikapu kilimponyoka Dorcas mkononi.

Nyumbani aliyasikiliza yote tangu mwanzo. Mamba wake alikuwa ameongezeka futi mbili, amepata kovu mgongoni na jino moja lililovunjika, na alikuwa na tabia ya kuota jua saa nne. Gershom alisimulia huku anakula sima, sima ya maji safari hii, maji ya chumvichumvi ambayo Dorcas aliyafuata mwendo wa saa nzima. Hakuangalia pembeni wala hakutabasamu.

*

Dorcas alikuwa amepiga hesabu yake hivi: wazungu wakiogopa, wataondoka. Hakukumbuka kwamba wako wanaoogopa wakaondoka, na wako wanaoogopa wakaleta bunduki. Tangazo lilitoka wiki iliyofuata. Jumamosi mamba atawindwa. Wapigaji watano watasimama kingoni, na Gershom ataingia ndani ya kimashua, apige matete kwa upondo mpaka mamba atoke.

Ijumaa asubuhi Gershom alikuwa uani akiusugua mshipi wa sare yake kwa rangi ya viatu. Dorcas akachuchumaa mbele yake.

"Baba Jumwa, hakuna mamba."

"Nimemwona."

"Hukumwona. Nilimtunga mimi, kwa mdomo huu. Kesho usiende."

Gershom aliendelea kusugua. Aliugeuza mshipi upande wa pili, akautazama dhidi ya mwanga.

"Mama Jumwa, mlinzi wa bwawa ni mimi. Nikisema yupo, yupo. Na hilo neno ulilolisema usilirudie. Hata kwa Mwanasaumu."

Dorcas akaona uongo umempanda mumewe kichwani kama tembo la mnazi. Alimlaani Rama, akamlaani Kitsao na mbuzi wake, mwisho akajilaani mwenyewe.

*

Jumamosi mchana nusu ya Kisauni ilikuwa juu ya ukuta wa bwawa. Wauza mihogo ya kukaanga walifanya biashara. Wazungu watano walikuwa wamejipanga kingoni, bunduki mapajani, makreti mawili ya bia katikati yao, na kreti moja lilikuwa limeshakwisha. Gershom alikuwa peke yake majini. Alisimama ndani ya kimashua miguu imepanuka, akichoma matete kwa upondo, na tarabushi yake nyekundu ilionekana juu ya majani ikienda na kurudi.

Kambare akarusha mkia. Bunduki ikalia.

Kipande cha ubao kiliruka kutoka kwenye ukingo wa mashua, shubiri mbili kutoka gotini pa Gershom. Ndege wote wa bwawa wakaruka kwa pamoja. Watu juu ya ukuta wakapiga yowe, kisha baadhi yao wakacheka, kwa sababu Gershom alikuwa ameketi ghafla na tarabushi imemfunika macho.

"Pole!" akasema mpigaji, kijana aliyekuwa mwekundu kwa jua na kwa bia. Akatia risasi nyingine.

Dorcas hakucheka. Miguu ilimpeleka yenyewe. Alishuka ukutani, akapita kando ya kibao, akapita mbele ya midomo ya bunduki, akasimama mbele ya Bwana Kiko. Alikuwa amekwisha kuamua. Aseme hakuna mamba, afungwe, afukuzwe, lakini mwanamume yule atoke ndani ya matete.

"Bwana," akaanza, "huyo mamba..."

"Mamba ni mjanja, bwana!" Gershom akapiga kelele kutoka majini, kwa sauti ambayo Dorcas hakupata kuisikia. "Yuko chini kabisa! Maji ni mengi, bunduki haimpati!"

Dorcas alimtazama mumewe kule mbali, amesimama tena, upondo umeshikwa kwa mikono miwili. Akamgeukia Bwana Kiko, na maneno mengine kabisa yakamjia.

"Ndivyo, bwana. Mamba hapigwi ndani ya maji. Kwetu hupunguzwa maji kwanza. Fungua mlango, maji yateremke, mamba abaki kwenye tope. Hapo hata mtoto atampiga."

Bwana Kiko akakitoa kiko kinywani. Jambo hilo halikuwa la kawaida. Aliyatazama maji, akawatazama wenzake, akaitazama mashua iliyotobolewa, ambayo ilikuwa yake.

"Siku ngapi?"

"Tatu tu, bwana."

*

Ilibidi wanaume wanne walishike gurudumu la chuma. Liligoma, likalia, kisha likakubali kwa kishindo. Maji yaliruka kutoka chini ya ukuta kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Kule bondeni Mwanasaumu alisikika kabla hajaonekana, akipiga takbiri na vigelegele kwa pumzi moja, leso amezikunja magotini, jembe mkononi, anayafungulia maji njia kutoka jaruba hadi jaruba.

Siku ya tatu bwawa lilikuwa uwanja wa tope. Ndani yake walionekana viatu vya kijeshi visivyo na wenzao, chupa zisizo na idadi, baiskeli moja, na kambare waliojaa kwenye vidimbwi wakipigana mikia. Watu waliingia na vikapu, masufuria, kanga, hata kofia. Mwalimu wa kanisa alikunja suruali. Kitsao alibeba samaki kifuani kama kuni. Kwenye matete alitoka kenge mmoja, akawatazama wenye bunduki wote watano, akajiendea zake msituni.

Mamba hakuwapo.

Bwana Kiko alisimama kingoni, na Gershom akaitwa mbele yake. Watu wakaacha kuokota.

"Mamba wapi?"

"Ametoka na maji, bwana," Gershom akasema. "Mlango ulikuwa mpana."

Bwana Kiko alimkazia macho. Alijua, au alikaribia kujua. Lakini nyuma yake walisimama rafiki zake wanne, ambao kila mmoja alikuwa amesimuliwa habari ya lile jicho jekundu zaidi ya mara moja.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Mimi naona yeye nakwenda."

Aliagiza mlango ufungwe asubuhi. Hakujua kwamba mkewe ameshafika na kigoda. Tope lile lilikuwa limeita ndege kutoka pande zote: korongo, yangeyange, mnandi, na wengine wenye midomo mirefu wasiowahi kuonekana pale, wakitembea kwa mamia kama wanunuzi sokoni. Bibi Ndege aliandika mpaka penseli ikamwishia, akamtuma Rama akamletee nyingine. Alimwambia mumewe kwamba atakayeugusa mlango ule atakuwa amemgusa yeye. Walibishana wiki nzima, Rama akawaletea watu habari kila siku, na Bibi Ndege akashinda. Watu wa klabu nao walikuwa wameshaogopa. Hakuna aliyetaka tena kuogelea bara. Vimashua vikapakiwa kwenye lori vikapelekwa kwenye hori la Nyali, ule mkono wa bahari, na mwisho wa mwezi Gershom akaambiwa arudishe tarabushi, mshipi na daftari.

*

Masika yalipoanza, Mwanasaumu aliwapa jaruba moja walime kwa nusu. Gershom hakuwa mtu wa mpunga. Alikuwa akiinama kidogo, anasimama, anashika kiuno, anaangalia mbingu. Dorcas alimtazama siku mbili, siku ya tatu moyo ukamshinda.

"Baba Jumwa, kazi yako nimeiua mimi. Nilikwambia hakuna mamba, ukakataa kusadiki."

"Nani alikataa?"

Dorcas akainua kichwa.

"Rama alinijia Jumanne ile ile," Gershom akasema, huku anachomeka mche. "Akaniambia mkeo amekutana na mamba, anatetemeka mwili mzima. Nikajua hakuna mamba. Sijakuona ukitetemeka tangu tuoane. Angetetemeka mamba."

"Basi mbona ulisema umemwona mara tatu?"

"Angeona mwanamke peke yake, wangesema mwongo huyo, apelekwe bomani. Akiona mlinzi, inakuwa habari."

Maji yalikuwa yakipita kati ya miguu yao, ya baridi, yamebeba vumbi la makapi. Dorcas aliuacha mche aliokuwa akiuchomeka.

"Ukaingia kwenye mashua. Bunduki tano. Na unajua kwamba hakuna kitu."

"Niliingia," Gershom akasema. "Safari hiyo nilitetemeka mimi."

Dorcas akafungua kitita cha miche, akakigawa, akampa mumewe nusu.

"Shika," akasema. "Na mstari wako umepinda."

Gershom akautazama mstari. Ulikuwa umepinda kweli. Akaung'oa mche wa mwisho, akauchomeka tena, karibu kidogo na wa mkewe.